Muulize Askari Habari za Miguu Yake

Anayepanda Lushoto kutoka Mombo hupita mahali pengi palipokanyagwa na majeshi, na huenda asiambiwe hata mara moja. Njia yenyewe inayojipinda juu ya bonde hadi Soni ilichongwa enzi za Wajerumani. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaiser wao, na baadhi ya majengo ya wakati huo bado yanatumika. Ukiiacha barabara kuu maeneo ya Soni unafika Sakharani, ambako leo watawa Wabenediktini wanalima na kutengeneza divai. Zamani hilo lilikuwa shamba la Tom von Prince, afisa aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, aliyeuawa katika mapigano ya Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Huko juu, katika msitu wa Magamba, wenyeji huonyesha mapango wanayosema yalikuwa maficho ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Nimezaliwa na kukulia upande wa Mlalo, na habari hizo nimezisikia tangu shule ya msingi. Zilikuwa habari za maofisa: nani aliamuru, nani alishinda, nani alirudi nyuma na kupitia wapi. Waliobeba mizigo ya maofisa hao, wakalala kwenye matope na kuzikwa kando ya njia, hawakuwa na majina wala sura. Niliwaona kwa mara ya kwanza ndani ya riwaya, nikiwa mtu mzima mwenye familia. Riwaya hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kuzungumza na mzee mmoja wa nyumbani kwetu ambaye kwa miaka mingi tulidhani hana la kusema.

Riwaya hiyo ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka mwaka 2020. Waliosoma Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, watakumbuka kwamba mwishoni kijana Yusuf anaikimbilia safu ya askari wa Wajerumani inayoondoka. Katika Afterlives tunaingia kambini na kijana wa aina hiyo. Anaitwa Hamza. Amemkimbia tajiri aliyekuwa akimtumikisha, na anajiandikisha jeshini kwa hiari yake mwenyewe.

Nilipoanza kuisoma nilijiandaa kwa mizinga na mashambulizi. Nikakuta kurasa na kurasa za kwata, matusi, jua, kiu na kusubiri. Kruta anafundishwa kwanza kuogopa, kisha anafundishwa kutisha. Vita inapoanza, askari wanatembea. Wanatembea miezi, wanatembea miaka, wanavuka mito, wanapanda na kushuka milima, huku viatu vikiisha na sare zikichanika. Wanaharisha, wanatetemeka kwa homa, wanaoza miguu. Wapagazi wanatoroka usiku, na asubuhi mzigo wao unawaangukia waliobaki. Jeraha kubwa analolipata Hamza hatiwi na adui. Anakatwa kwa upanga na Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe, siku ambayo wapagazi wametoroka na hasira imempanda yule mkubwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya riwaya ya vita. Kitabu cha historia kinaweza kuniambia kwamba kampeni ya Afrika Mashariki ilianza Agosti 1914 na kumalizika tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Kinaweza kuniambia kwamba siku hiyo alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi. Riwaya inaniuliza hao 1,100 waliamkaje asubuhi ya siku ya kawaida, siku isiyo na pambano lolote. Walikula nini? Walilalia nini? Nani aliwatukana, na kwa neno gani?

Waandishi wakubwa wa vita wanalijua jambo hili. Mjerumani Erich Maria Remarque, aliyepigana na kujeruhiwa katika vita hiyohiyo huko Ulaya, aliandika mwaka 1929 riwaya ambamo jozi moja ya buti nzuri inatoka kwa askari anayekufa kwenda kwa mwenzake, na huyo akifa inakwenda kwa mwingine. Msomaji akishasahau majina ya vijiji vilivyopiganiwa, hizo buti hazisahau. Taabu ya askari inakaa mwilini, na mwili una mambo machache unayoyadai kila siku: chakula, usingizi, ukavu, na miguu inayoweza kwenda.

Gurnah analeta swali lingine ambalo kwetu Usambara lina uzito wake: kwa nini kijana ajitie mwenyewe katika taabu hiyo? Hamza anatafuta kuwa mtu, maana kwa tajiri wake alikuwa kama kitu kilichowekwa rehani. Huku milimani, tangu mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na utaratibu wa kipande. Mwanamume alitakiwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwenye mashamba ya Wazungu, na kipande chake ndicho kilichothibitisha kwamba amefanya. Kijana aliyekua akimwona baba yake akihesabiwa siku namna ile, kisha akamwona askari amevaa sare, analipwa mshahara na anapishwa njiani, alikuwa na sababu ya kuitamani sare. Riwaya haimsifu kwa hilo wala haimlaani. Inatuonyesha alikotoka, inatuachia tumtazame alikoishia.

Vita ilifika kwetu katikati ya mwaka 1916. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka upande wa Kilimanjaro yakiifuata reli ya Tanga na mto Pangani, na Wajerumani wakarudi nyuma huku wakiing'oa reli nyuma yao. Mombo ilichukuliwa mapema Juni, na Wilhelmstal tarehe 12 Juni. Lettow-Vorbeck alikwisha kuvusha watu na shehena zake kuelekea Handeni, sehemu ya mzigo ikipita kwenye reli nyepesi ya vitoroli vilivyosukumwa na watu kutoka Mombo. Mizigo mingine yote ilikwenda vichwani na mabegani. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hadi 30, na katika jeshi lolote la vita ile wapagazi walikuwa wengi kuliko wenye bunduki.

Hata dawa ilitoka mabegani mwa watu wa milima hii. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na kwinini haikuweza kuingia kwa urahisi kutoka Ulaya. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara ya Mashariki, ikawa inatengeneza kwinini kwa magome ya msinkona uliopandwa hukuhuku. Baada ya kuipoteza Usambara, Wajerumani waliendelea kuchemsha magome waliyoondoka nayo na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi, wakiyaita pombe ya Lettow.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati huo, mkubwa wa kutosha kutumwa maji. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo Wajerumani walipokuwa wanaondoka. Hakuwa askari, hakuvaa sare, hakula kiapo. Waliambiwa kwamba watu wanatakiwa kupeleka mizigo mpaka Mombo tu, kisha watarudi. Bibi alitusimulia hili mara nyingi, na kila mara alitaja vitu vilevile: kwamba baba yake aliondoka na kisu, kipande cha muhogo uliochomwa na ngozi ya mbuzi ya kuweka begani chini ya mzigo. Hakurudi. Hapakuja barua, hapakuja mjumbe, hapakuja mshahara.

Mama yake bibi hakuwa mjane wala hakuwa mke. Hakuweza kuolewa upya kwa sababu mumewe hakujulikana kama amekufa, na hakuweza kutetea sawasawa sehemu yake ya shamba kwa sababu mumewe hakujulikana kama yu hai. Ndugu wa mume walivumilia kwa muda, kisha wakaanza kuhamisha mipaka ya migomba. Mwishoni wazee wakakaa, wakaamua aandaliwe matanga bila maiti. Bibi alisema siku hiyo mama yake hakulia, maana alishaimaliza kazi ya kulia kidogokidogo miaka yote ile.

Nilipoendelea kuisoma Afterlives nilimkumbuka mwanamke huyo niliyemjua kwa masimulizi tu. Ndani ya riwaya, Ilyas, kaka yake Afiya, anakwenda kupigana upande wa Wajerumani na hasikiki tena. Vita inakwisha, Hamza anarudi na mguu mbovu, anamwoa Afiya, wanapata mtoto na kumpa jina la mjomba aliyepotea, na kutokujua kunaendelea kuishi nao nyumbani mpaka kunamwingia mtoto mwenyewe, naye anaanza kusikia sauti. Miaka mingi inapita kabla ya familia kuujua ukweli: kwamba Ilyas alifika Ujerumani na akafia kambini Sachsenhausen. Gurnah ameipa subira hiyo kurasa nyingi kama alizoupa mwendo wa kijeshi, naye amefanya haki. Taabu ya askari ina nusu ya pili, nayo wanaibeba waliobaki nyumbani.

Wale waliokufa wakibeba hawakuwa wachache. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria kuliko kwa risasi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, hawakupata muda wa kuupika ukaiva, na matumbo yao yakashindwa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri, na babu yangu mkuu yumo katika hesabu hiyo isiyowekwa.

Lakini riwaya nzuri ya vita haituachii tumwonee askari huruma tu kisha tufunge kitabu. Askari wa kikosi cha Hamza wanapofika kijijini wanachukua nafaka na mbuzi, na wanaochelewa kutoa wanachomewa nyumba. Nyuma yao inabaki njaa. Bibi yangu alisimulia upande huo bila kujua kwamba umeandikwa popote: mama yake alichimba shimo chini ya migomba, akazika maharage ndani ya chungu, akalifunika kwa majani makavu na kuwakataza watoto wasilitazame hata kwa bahati mbaya wageni wakiwapo. Waliopita kwanza walichukua, na waliowafuata nao walichukua. Huko Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalikomba chakula, ng'ombe na vijana, ikafuata njaa kubwa iliyoitwa Mtunya kuanzia mwaka 1917, ikaua maelfu. Mtu yuleyule aliyekuwa anasikitikiwa kwa miguu yake yenye vidonda ndiye aliyenyanyua gunia la mwisho la mjane. Gurnah anayashika mambo yote mawili kwa mkono mmoja, na hilo ni gumu kuliko kuandika habari za mashujaa au za wakatili.

Sasa nimtaje mzee niliyemsema mwanzoni. Baba yangu mdogo alikwenda Vita ya Kagera akiwa mgambo. Idi Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza mapambano tarehe 2 Novemba, na jeshi lililokuwa dogo likakua upesi kwa kuita vijana wa mgambo kutoka kila mkoa. Baba mdogo alikuwa katika Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, na aliingia Uganda kwa miguu. Alirudi salama, akapokelewa kwa ngoma na mbuzi, akarudia shamba lake la kabichi na viazi. Sisi watoto tulimzunguka na swali moja: uliua wangapi? Hakujibu, nasi tukakua tukidhani hataki kusimulia.

Jioni moja ya Julai, wakati baridi ya Lushoto inapomlazimisha kila mtu kusogea jikoni, nilikuwa na ile riwaya. Ilikuwa nakala ya Kiingereza, kwa hiyo nilimsimulia kwa Kiswahili. Sikumsimulia mapigano. Nilimsimulia mwendo: matope, viatu, unga ulioliwa mbichi, na mpagazi aliyewekewa mzigo wa mwenzake. Alisikiliza akiwa ameinamia moto, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyo aliyeandika amewahi kuvaa buti?"

"Hapana, baba mdogo. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Uingereza."

"Basi alikaa na waliovaa."

Kisha akaanza. Alisema huko Uganda, maeneo ya Lukaya, barabara imepita katikati ya kinamasi, maji na mafunjo kushoto na kulia, na mvua zilikuwa zimeanza. Buti zake zililowa zikakaa mbichi siku nyingi. Alipozivua hatimaye, ngozi ya kisigino ilitoka pamoja na soksi. "Risasi unaisikia, unalala chini," alisema. "Buti bichi unalivaa kutwa." Alieleza jinsi walivyogawana mestini moja watu wawili, mmoja anakula na mwingine anashika zamu, na jinsi mtu anavyojifunza kulala akiwa amesimama, shanta mgongoni, ameegemea shanta la mwenzake.

Kisha akafungua kifungo cha shati na kuniomba niguse bega lake la kulia. Pale palikuwa na sugu, ngumu na nyeusi kuliko ngozi nyingine, upana wa kiganja cha mtoto. Kazi yake ilikuwa kubeba kitako cha mota, kile chuma kizito kinachokaa chini ya mtutu. Mwenzake, kijana wa kutoka Same, alibeba mtutu. Waliibeba mota hiyo kutoka Mutukula, mpakani. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, brigedi yao iliposhambuliwa kwa makombora na majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin, watu walitawanyika gizani. Kesho yake walijipanga upya, wakarudi kupigana pamoja na Brigedi ya 208. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Yule mwenzake wa Same hakufika Kampala.

Hapo nilielewa kwa nini baba mdogo, akipeleka kabichi sokoni, huweka tenga begani kushoto kila mara. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni. Na nilipomtazama bega nilimfikiria mtu mwingine wa upande wa mama, aliyeondoka mwaka 1916 na kipande cha ngozi ya mbuzi cha kuweka chini ya mzigo. Wawili hao hawakujuana, walitumikia serikali tofauti, na vita zao zilikuwa na sababu tofauti kabisa. Mmoja alilazimishwa kubeba vitu vya wageni, mwingine alikwenda kuitetea nchi yake. Bega lilibeba vilevile.

Akaniambia na jambo ambalo sikulitegemea. Katika mji mmoja waliopita walikuta nyumba ambayo wenyewe wamekimbia, chungu cha maharage bado kiko jikoni. Walikula. "Tulikula tukiwa na njaa ya kweli," alisema, "lakini nilijua ni maharage ya mtu." Nilimsimulia habari ya chungu cha mama yake bibi chini ya migomba. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba hata yeye angezika.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa kuwa naamini yatamfaa mtu mwingine mwenye mzee kama wangu nyumbani.

La kwanza, swali la mtoto, uliua wangapi, hufunga mlango. Linamtaka mzee ajiweke kwenye mizani ya ushujaa au ya dhambi, na wengi hawataki kukaa upande wowote. Muulize kuhusu miguu. Muulize walipikia nini, nani alikuwa anachekesha kikosini, walipata wapi maji, mzigo wake ulikuwa gani na aliubeba bega lipi. Maswali hayo yana majibu ambayo mtu anaweza kuyatoa bila kuumia mno, na kupitia hayo atafika mwenyewe kwenye mambo mazito akiwa tayari.

La pili, riwaya ni mwenzi mzuri wa mazungumzo. Baba mdogo asingekaa chini kuhojiwa, na kama ningeweka kinasa sauti mbele yake angekwenda kufunga ng'ombe. Lakini alikuwa tayari kumsahihisha Hamza. Aliposikia habari za mtu wa kwenye kitabu alipata nafasi ya kusema hapo sawa, hapo sivyo ilivyokuwa kwetu, na kwa kusahihisha akawa anasimulia. Walimu wa fasihi katika shule zetu wana chombo kikubwa mikononi. Mwanafunzi anayesoma Peponi darasani anaweza kutumwa na kazi ya nyumbani ya kumsimulia babu yake ukurasa mmoja na kuandika alichojibiwa.

La tatu, tuandike na habari za waliobeba. Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, askari mmoja mwenye bunduki na singe, nasi tunapita hapo kila siku na kuitumia kuelekezana njia. Nairobi, katika sanamu za vita hiyohiyo, yumo na mpagazi. Huku Usambara, ambako watu walichukuliwa milimani wakashushwa Mombo na mizigo ya wengine, kumbukumbu zao ziko vinywani tu. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa baadhi ya askari wazee wa Lettow-Vorbeck miaka ya 1960. Lakini mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa hakuna aliyemtafuta.

Nimeyaandika aliyonisimulia baba mdogo, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nifute mahali nilipomwita shujaa, kisha akanitajia jina kamili la yule kijana wa Same, jina la baba yake na kijiji chake, akasema liandikwe mwanzo kabla ya lake. Nimeliandika, limo katika daftari la ukoo wetu. Sikuliweka katika makala hii kwa sababu ndugu zake hawajaniruhusu, nami nimeanza kuwatafuta.

Waliokwenda Kagera wakiwa na miaka 20 sasa wanaikaribia 70. Wa mwaka 1916 wameondoka wote, na tulichobakiwa nacho ni yale ambayo watoto wao walikumbuka kutuambia. Kama katika ukoo wako yupo mtu aliyevaa buti za jeshi, kwa hiari au kwa kuitwa, nenda kamsalimie wiki hii, ukae naye na umuulize habari za miguu yake. Atakachokueleza kiandike, umsomee, naye akikusahihisha usahihishe.